Bibi Harusi Aliyekuja Kuposa

Mgeni rasmi, Bwana Jaffar, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za Uhuru hapa kwetu Jomvu Kuu: shikamoo, na karibu. Kiti chako tumekiweka mbele kabisa, makusudi. Anayesoma ni katibu wetu Mbarak, lakini maneno ni yetu sote.

TULIKOTOKA

Tulianza michezo yetu ya kuigiza mwaka wa hamsini na nane, na pazia la leso kuukuu zilizoshonwa pamoja. Wanawake hawakupanda jukwaani, kwa hivyo bibi harusi akawa Sheikhan, kuli wa Kilindini. Siku ya kwanza alipotoka na shela lake, akina mama nyuma ya ua wa makuti walicheka mpaka machozi. "Lo! Bibi harusi huyu kabeba gunia?"

Bi Mwanasiti, mamako mzazi, alimhurumia. Akamketisha nje ya dirisha lake, na ndani akamwambia mtu atembee na furungu za fedha miguuni. "Sikiliza, mwanangu. Bibi harusi hana haraka." Sheikhan akafumba macho, akaifuata sauti ile alasiri baada ya alasiri, naye hamwoni mwenye miguu. Wallahi, atuambia, alikuwa kama mtu aotaye na hataki kuamshwa.

TULIYOYAPATA

Mwaka uliofuata alipotoka, hakuna aliyecheka. Shela lapepea, hatua zaja polepole, na kila mume akamwona mkewe wa siku ile ya kwanza. Nawe, mgeni rasmi, ulipangusa macho. Tulikuona. Tangu hapo tumealikwa Kisauni na Likoni, na kote huulizwa bibi harusi kwanza.

KINACHOTUSIBU

Hatua ile imemganda. Siku sita Sheikhan huigiza uanamume bandarini, gunia begani, na mnyapara humfokea aache maringo. Sokoni huitwa "Bibi Harusi!" naye hucheka nao. Akifika nyumbani huisukuma sahani kando.

Mwezi uliopita alileta posa kwa binti yako Barke. Nawe ukamjibu mshenga kwenye mkahawa, mbele za watu: "Simwozi binti yangu kwa bibi harusi mwenziwe!" Watu wakaangua kicheko, na sisi, Mungu atusamehe, tulicheka pia. Yatuuma hadi leo.

Bwana Jaffar, miguu ile ya dirishani ilikuwa ya Barke. Bi Mwanasiti ameturuhusu tuseme. Hatua iliyokutoa machozi ni ya mwanao, na kijana huyu ameibeba miaka mitano bila kuiangusha.

OMBI

Leo Sheikhan amevua shela. Kwa mara ya kwanza acheza mwanamume, tena mposaji. Ndoa haichezewi, twajua. Hatuozi mtu jukwaani, hasha. Mshenga atabisha mlangoni kwa baba wa msichana, na Sheikhan atasimama nyuma yake na kanzu ya kuazima. Sehemu ya baba hatukumpa mtu. Ni yako, na ina neno moja tu.

Ukisikia furungu nyuma ya makuti, usigeuke. Wanawake pia wanangoja.

Mola akupe umri na afya, na nyumba yako isikaukiwe na vicheko vya watoto.

Ni sisi, Wachezaji wa Pazia la Leso, Jomvu Kuu.

Hodi, wenyewe.