Mayu Hakuniroga

Bwana apewe sifa, wapendwa. Naona wengine mnaangalia mikono yangu kabla sijasema neno. Angalieni tu, ndiyo iliyonileta hapa mbele.

Mimi ni Mama Kulwa, fundi cherehani wa hapa Katoro. Sare za kwaya mnazoziona pale nimeshona mimi. Basi mikono hii ilianza kutetemeka. Kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya asubuhi nzima. Kikombe nashika kwa mikono miwili na bado chai inamwagika. Usingizi ukakata. Mteja akiulizia nguo yake namfokea mpaka anaondoka bila kuaga. Mlikuja nyumbani mkaniombea, Mungu awabariki. Lakini ndugu zangu, kuna jambo sikuwaambia. Nilikuwa nimekwenda kwa mganga.

Mganga hakutaja jina. Alisema tu kwamba anayeniroga anakula uani kwangu. Nikamalizia mwenyewe. Uani kwetu anakaa mama mkwe wangu, tunamwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Ana kijumba chake, anapika nje kwenye mafiga, na wanangu wanalala kwake. Nikajiuliza, mbona yeye haumwi? Mbona watoto anaolala nao ni wazima, nami peke yangu naisha? Nikaona ushahidi umekamilika. Nikamwambia mume wangu achague, mama yake aondoke au niondoke mimi. Habari ikavuka ua. Vijana wa mtaa wakaanza kumrushia Mayu maneno akienda kuteka maji. Ndugu zangu, huku kwetu mnajua maneno kama hayo yanamfikisha wapi bibi kizee. Nami nilijua, na sikuyazuia.

Siku moja nikaanguka juu ya cherehani, nikapelekwa hospitali. Muuguzi akaniuliza naumwa nini. Nikamjibu, "Mama mkwe." Hakucheka wala hakunigombeza. Akaenda kumwambia daktari kwamba mgonjwa yuko hapa, ila kuna mwingine nyumbani ambaye maisha yake yako hatarini. Wakamtuma afisa ustawi wa jamii, Bi. Neema, akamwangalie Mayu.

Asubuhi ya siku ya tatu walikuja wote kitandani kwangu, daktari, muuguzi na Bi. Neema. Nilidhani daktari ataongea na wengine wataandika. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiuliza, na kila mmoja anasema alichokiona. Bi. Neema akasema Mayu yuko salama, mwenyekiti wa mtaa ameombwa amlinde. Halafu akaongeza, kama anayesema jambo dogo, kwamba ndani kwetu karibu na cherehani ameona kikaango chenye madoa ya rangi ya fedha.

Hapo pembeni Mama Shija, mhudumu wa wodi, alikuwa anapiga deki. Akanyoosha mgongo. "Daktari, samahani. Mimi kabla ya kazi hii nilikuwa naosha dhahabu huko machimboni. Hicho ni cha kuchomea dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki. Huyu mama anavuta moshi wa zebaki."

Wapendwa, nilingoja daktari amwambie aendelee na deki yake. Daktari akafunga faili. "Mama Shija, sogea hapa utueleze vizuri." Akasogea na tambara lake mkononi, akaeleza, na daktari anasikiliza. Muuguzi naye akadakia, "Ndiyo maana mto wake unalowa mate, na fizi zinatoa damu."

Nikaanza kulia, maana ilikuwa kweli. Mume wangu ni mchimbaji. Dhahabu alikuwa anaichomea ndani, dirisha limefungwa, majirani wasijue kama tumepata. Akimaliza anarudi machimboni, mimi nabaki mle na cherehani siku nzima. Kikaango nakisugua, nakaangia mayai. Mayu anapika nje, na watoto wako kwake. Ndiyo maana walikuwa wazima.

Mkojo wangu ulipelekwa maabara ya mbali, majibu yakarudi kwamba ni zebaki kweli. Mume wangu akapimwa, watoto pia. Kuchomea ndani kukaisha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanifundisha upya kushika mkasi. Imechukua miezi, na mkono wa kushoto bado unatikisika kidogo, mnauona.

Kidole kimoja hakivunji chawa, nilikuwa naisema tu. Nikikumbuka wale watu wamezunguka kitanda changu nasisimka mwili mpaka leo. Daktari peke yake angenipa dawa ya usingizi. Mama Shija peke yake angemaliza deki akaenda zake. Mimi ningekufa, na Mayu angekufa kabla yangu. Nani aliwapanga hivyo? Nilimwomba Mungu malaika mmoja, akanipa watu wanaosikilizana.

Niliporudi nilipiga magoti mbele ya Mayu palepale uani, watu wakiona, maana nilimsema watu wakisikia. Hakuniinua. Kisha akasema, "Siku zile wanao nilikuwa nawalaza karibu na mlango. Nilisema wakija kunichomea nyumba, watoto watoke kwanza."

Ndugu zangu, hilo ndilo Mungu aliloniepusha nalo. Mikono ni nyongeza. Kama yupo hapa anayemshuku mtu wa nyumbani kwake, amtumaini Bwana, aende hospitali akaseme yote, hata ya aibu. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wa wodini. Mayu amekaa benchi la pili, mwenye kilemba cha bluu. Ibada ikiisha, naomba mumsalimie yeye kwanza.