Papa Straton Shyaka, Aliyepanda Uzio wa Miiba Kashuga

Papa Straton Shyaka alizaliwa Kashuga, Masisi, tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba wa hayati Ntwari na hayati Kayitesi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaanza sekondari, lakini mwaka 1983 baba yake alipougua, alirudi kuchunga ng'ombe. Maziwa yake yalisifiwa: hakuyatia maji.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Mama Umwali. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2013 ng'ombe wake waliingia mara mbili katika maharagwe ya jirani yake, Papa Théophile. Straton hakubishana. Alileta kutoka Goma matawi ya taji la miiba, ule mti mfupi wenye maua mekundu, usioogopa jua. Aliyaacha kivulini siku tatu ili utomvu ukauke, kisha akayapanda mpakani, penye mawe. Alizoea kusema, "Hii muti, ukiihurumia na maji, unaiua." Miaka mitatu baadaye hakuna ng'ombe aliyepita. Alituonya sote: utomvu wake mweupe unachoma, usifike machoni.

Tarehe 19 Julai 2016, mdogo wake Libérata, anayewasomea maneno haya, alikuwa akipogoa uzio huo. Gentille, binti wa Papa Théophile, mwenye miaka sita, alikuja kuchuma maua. Libérata alimfukuza mara mbili. Mara ya tatu alimchapa usoni kwa tawi bichi. Gentille alipelekwa Goma kwa pikipiki, lakini jicho la kushoto halikuona tena.

Libérata alikuwa aolewe wiki mbili baadaye. Alikana. Familia mbili zilianza kutazamana vibaya, ndipo Straton akaenda kwa Papa Théophile. "Mimi njo nilimupiga mutoto. Munihukumu mimi." Aliondolewa katika baraza la kanisa. Kwa miaka tisa aliitwa mpofusha watoto, na kila asubuhi alimpelekea Gentille maziwa. Harusi ilifanyika. Yeye ndiye aliyenisindikiza.

Ini lilianza kumsumbua Januari 2025. Nilimuuliza, "Kaka, niende niseme?"

"Sema nikiwa ningali muzima, Libérata. Nisikie."

Nilisema kesho. Alifariki tarehe 3 Novemba 2025, saa tisa alasiri.

Jana nilipiga magoti nyumbani kwa Papa Théophile. Gentille, ambaye sasa ana miaka kumi na tano, aliniinua.

"Mama Libérata, nilijua. Nilikuona. Papa Straton aliniomba ninyamaze mpaka wewe mwenyewe useme. Nilikuwa nakungoja."

Baba yake alitoka nje. Leo alfajiri alikuja na jembe, akachimba kaburi pamoja na wengine. Mimi bado hajanisemesha.

Marehemu ameacha mjane, Mama Umwali; watoto Narcisse, Christa na Uwitonze; na dada mmoja ambaye hakustahili ndugu kama huyu.

Bwana amlaze pema, na udongo wa Kashuga usimlemee.