Neno Moja kwa Wino Mwekundu

Mheshimiwa Diwani, Daktari Talha mganga mfawidhi wetu, wafanyakazi wenzangu, ndugu zangu wa Mtoni, na nyie wagonjwa wangu mliokuja shereheni na madaftari ya kliniki kana kwamba leo natibu: wakubwa shikamooni, wadogo shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Nimeambiwa niage kwa furaha. Wapendwa, nimechoka. Miaka thelathini na minne ya kusikiliza vifua vya watu imeniachia magoti mabovu na usingizi wa mang'amung'amu. Mshereheshaji amenisifu kwamba Tabibu Avelina hakuwahi kumpa mtu dawa ya kumdhuru. Nashukuru, lakini naomba leo mnisikilize kuhusu dawa niliyowanyima watu.

Nilipokuwa mgeni kazini, kijana mmoja mwenye pumu aliandikiwa propranolol, kidonge cha kupunguza mapigo ya moyo. Moyo ulitulia, kifua kikafunga. Alifia mikononi mwangu, macho kwangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nami wiki ile nikanunua kalamu nyekundu. Tangu hapo kila aliyekuja kifua kinalia nilimwandikia juu ya daftari: PUMU. ASIPEWE VIDONGE VYA KUTULIZA MOYO.

Na kwetu sisi, kifua gani kikilia hakiitwi pumu? Mvuta sigara, pumu. Mpika kwa kuni, pumu.

Bi Mwanakombo, simama kidogo wakuone. Haya kaa, mama, inatosha. Huyu amekaanga samaki kwa kuni miaka arobaini. Moshi ukamla mapafu, kisha moyo nao ukaelemewa: miguu inavimba, analala ameegemea mito mitatu. Mara mbili hospitali ya rufaa ilimwandikia bisoprolol, kidonge cha moyo cha jamii ile ile, na mara mbili dirisha letu la dawa lilisoma mwandiko wangu likamnyima. Nami niliwapongeza wale wa dirishani. Miaka sita ilipita hivyo.

Akaja Daktari Talha, akamuuliza pumu ilimwanza lini. Mnakumbuka alivyojibu, maana benchi zima lilicheka: "Mwanangu, mie nimezaliwa na kifua kizima. Pumu nimepewa na Dokta Avelina."

Nami nilicheka. Nilipofika kwangu Chanika, nilikuwa bado nalirudia jibu lile.

Talha akampulizisha kwenye kipimo, kabla na baada ya dawa ya kuvuta, akaona si pumu ile. Ni mapafu yaliyochakazwa na moshi. Akanieleza taratibu kwamba vipo vidonge vya jamii hiyo vinavyolenga moyo zaidi kuliko mapafu, na mgonjwa wa namna hii, moyo wake ukivihitaji, huanzishiwa kidogo kidogo huku akiangaliwa. Nilimfokea. Nikamwambia, "Mie nimeviona vikiua!" Akasema, "Ulichokiona ni kweli, mama. Tuangalie ulichokiandika." Nilimnunia siku tatu, Mungu anisamehe.

Leo Bi Mwanakombo analalia mto mmoja. Makofi hayo mpigieni Talha.

Mimi msinipigie, kwa sababu Mzee Salumu hayupo. Wengi mlimjua, yule wa tanuri la mikate. Mapafu yake yalikuwa ya moshi, moyo wake ulishapata shambulio, na daftari lake lilikuwa na neno lile lile, naye akanyimwa kidonge. Alifariki Ramadhani iliyotangulia ujio wa Talha. Naambiwa huenda kidonge kisingemwokoa. Huenda. Hata mimi nimeshajiambia hivyo mara nyingi, na bado sijapata kupumzika.

Wenzangu, sisemi mfute kila pumu. Ya kweli ipo, na yule kijana ni shahidi. Nasema mpimeni mtu kabla ya kumwandika. Nilipanga kesho nilale mpaka jua likolee. Sitalala. Saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi lile, siyo kama tabibu, bali kama mwenye mwandiko. Leteni madaftari yenu, niyapeleke kwa Talha moja moja.

Zubeda, binti wa Mzee Salumu, leo getini umeniletea daftari la baba yako liwe kumbukumbu, ukanishukuru kwa kumlinda miaka yote ile. Jibu langu kwako, mwanangu, ndilo hili nililolisema mbele ya watu wote.

Ahsanteni kwa kunivumilia mpaka mwisho.