Sista Mwanatabu Aliyekataza Mguu Kukandwa

Sista Mwanatabu Rashid wa wadi ya upasuaji ya wanaume anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwanyima watu raha ya kitanda. Karani alitaka kuandika haya ya kumuaga yeye. Nikamwambia kalamu ataishika, maneno ntatoa mie Kadenge. Nimesukuma machela za hospitali hii tangu lifti ikiwa mpya, na jambo nisilolijua hapa bado halijatokea.

Hajachelewa hata siku moja, naye akaa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, latutia aibu sisi wa Kisauni tusiopanda feri. La pili, ukishonwa leo, kesho asubuhi yuko kitandani kwako: "Haya baba, shuka. Mpaka dirishani na urudi." Nguma, seremala wa Junda mwenye kifua kama kabati, alilia kwa kuitwa dirishani. Wagonjwa wakamwita Afande. Akaitika.

Mwaka ule wa korona mshipa wa ngiri ulinishika, nikaambiwa nipasuliwe. Nilikuwa na kikohozi cha siku tatu. Siku ya kupimwa korona puani nikatorokea mlango wa nyuma, maana milango yote naijua. Nikapasuliwa salama, kisha nikalala kama sultani. Sista akija kunihimiza, nasema nishatembea alfajiri, na Anwar wa kitanda cha pili aniapia, kwa malipo ya chungwa.

Siku ya tano mguu wa kushoto ukavimba, shavu la mguu likawa moto. Mke wangu Kafedha akaja na mafuta ya nazi. Kwetu mguu ukivimba hukandwa, hilo halihitaji baraza. Ashamimina kiganjani, Sista akaingia akamshika mkono.

"Dada Kafedha, usiuguse. Damu imeganda humo. Ukiikanda itang'oka iende mapafuni, akukatikie roho mikononi."

"Na mamangu aliyekanda watu miaka hamsini?"

"Mamako namheshimu. Mguu huu usiuguse."

Akanigeukia. "Kadenge, ulikuwa wakohoa kabla ya kupasuliwa?"

Nikasema ni vumbi. Kafedha, niliyekula naye sahani moja miaka thelathini, akasema, "Siku tatu, Sista. Na homa juu."

Sista hakunitukana, na ingekuwa afadhali. Alinieleza polepole kwamba kirusi cha korona huifanya damu iwe rahisi kuganda, upasuaji nao huongeza, na kulala kama gogo humalizia. Daktari angejua, angengoja nipone, au angenidunga mapema sindano ya kuzuia damu isigande. Yote hayo nimeyakwepa kwa akili zangu nyingi.

Nikapelekwa kupigwa picha ya mguu juu ya machela yangu mwenyewe, Lewa, msukuma machela mwenzangu, akisukuma, kila kona akinigonga. Damu imeganda kweli. Sindano za tumboni, kisha vidonge miezi mitatu.

Nilipopona Sista akanipa adhabu: kila mgonjwa mpya nimsimulie ujinga wangu, yeye akiwa kando asikie nisiongeze chumvi. Nishasimulia zaidi ya mara mia mbili. Hakuna aliyeficha kikohozi tena, na chupa za mafuta huachwa kwa askari wa mlangoni.

Sista, ahsante. Mola akupe umri mrefu na majirani wasiokuficha maradhi yao. Kazi hii ya kukuaga niliiomba mwenyewe, kwani ilibaki kidogo wewe uniage mie.