Breki za Mama Ndolo: Maisha ya Bartholomew Kimanzi Ndeti (1958–2025)

Kamati ya mazishi iliniletea mfano wa wasifu ili mimi nijaze majina na tarehe tu. Ulianza kwa kusema marehemu alikuwa mtu mtulivu. Jamani! Nyinyi mlioketi chini ya hema hili mnamjua Kimanzi. Nikisoma uongo huo mbele ya jeneza atainuka anikosoe. Kwa hivyo mimi Kaluki, dada yake mdogo, nimeuandika upya wote, na msimamizi wa programu asinioneshe saa.

Bartholomew Kimanzi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 hapa Kathiani, kifungua mimba wa marehemu mzee Ndeti na marehemu mama yetu Nthambi. Mama alisema mtoto huyu alijua kukimbia kabla ya kujua kusimama. Ukimweka mkekani ukageuka kukoroga uji, ukirudi unakuta mkeka.

Alianza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka 1966. Kukaa kwenye dawati kulimshinda kabisa. Mwalimu wake wa darasa la tatu alichoka kumchapa, akamruhusu asome akiwa amesimama dirishani, na mwaka huo akawa wa pili darasani. Alisoma sekondari mjini Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, kisha akajiunga na chuo cha mifugo Kabete na kuhitimu mwaka 1979.

Mwaka 1980 aliajiriwa kama afisa wa mifugo. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Ekalakala, akahamishiwa Masii, na mwishowe Machakos mjini hadi alipostaafu. Wafugaji walimwita daktari. Alichanja mbuzi huku pikipiki yake inanguruma langoni, maana kuizima na kuiwasha tena aliona ni kupoteza wakati. Hakukataa kuitwa, iwe mvua, iwe Krismasi.

Alifunga ndoa na Kamanthe tarehe 20 Desemba 1986 katika kanisa letu la Kikatoliki. Keki ilikuwa haijakatwa alipoitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akaenda na suti yake ya harusi. Kamanthe alibaki peke yake kwenye meza ya mbele, anatabasamu kwa wageni. Bwana harusi aliporudi, damu hadi viwikoni, mkewe akamwambia, "Nawa mikono, tukate keki." Hapo tulijua amepata kiboko yake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ndolo, Lavender na Wathome.

Sasa nifike kwenye gari, maana najua ndilo mnalolingoja. Mzee Shire, mfanyabiashara wa mifugo pale mjini ambaye yuko nasi leo, alikuwa na gari jekundu la spoti la milango miwili, la mwaka 1984, limelala nyuma ya nyumba yake na kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mwaka 2009 Kimanzi alimpa mitamba miwili, akalichukua. Shire alimwonya, "Daktari, hii gari kukimbia inajua sana. Kusimama ndio iko na shida." Ndugu yangu alisikia nusu ya kwanza. Akafanya kosa la wapenda mbio wote, akaanza na injini. Nguvu zikaongezeka mwaka baada ya mwaka, breki zikabaki zile zile za zamani.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 2 Aprili 2018, yeye na Kamanthe walikuwa wanateremka mlima kuelekea Machakos. Kimanzi alikuwa anakanyaga breki tangu juu. Mafuta ya breki yalikuwa yamezeeka, yakachemka, na pedali ikazama hadi chini bila kushika chochote. Akatafuta gia ya pili, ikakataa kuingia. Akapata ya tatu, mwendo ukapungua kidogo, akaliingiza gari shambani kwa jirani yetu Maundu, likapanda tuta la fanya juu, lile la kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na kukwama katikati ya maharagwe. Hakuna aliyeumia. Kamanthe alishuka, akavaa kiatu kilichomtoka, akamwomba Maundu msamaha kwa ajili ya maharagwe, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Ndolo, nimekufuata miaka hii yote na sijanung'unika. Lakini hii gari siingii tena mpaka mimi mwenyewe nijue inasimama." Akarudi nyumbani kwa miguu.

Mwezi huo huo Kimanzi alistaafu, na hapakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani ila mkewe arudi kukaa pale kushoto kwake. Aliniambia waziwazi. "Kaluki, nikiendesha na kile kiti kiko tupu, nasikia baridi ubavuni." Mtu aliyesumbua wilaya nzima kwa haraka zake alikuwa sasa na shida moja tu, na hakulala nayo wala hakukaa nayo.

Alileta kutoka Nairobi diski kubwa za breki na kalipa za pistoni nne za kuzibana. Zikafungwa, zikapendeza, kisha ringi za magurudumu zikakataa kuingia juu yake. Hakuwa amepima! Mvua zote za mwisho wa mwaka gari lilikaa juu ya mawe, naye akilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipopata ringi kubwa, breki za mbele zikawa kali kuliko za nyuma, na gari likikanyagwa breki linatupa mkia kando. Akang'oa breki za dramu za nyuma, akaweka diski huko pia, mabomba mapya na masta silinda kubwa ya kusukuma mafuta ya breki. Klachi iliyokuwa inateleza akaitupa. Giaboksi aliishusha na kuifungua juu ya meza ya chakula kwa ajili ya ile gia ya pili iliyomkataa mlimani, na mwezi mzima tulikula muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa sahani zikiwa mapajani.

Kila alipomaliza alisimama mlangoni na kuita, "Mama Ndolo, iko tayari!" Kamanthe alitoka, akaliangalia gari toka mbele hadi nyuma. "Bado." "Bado nini sasa?" "Bado sijajua." Basi mzee anarudi uani na kufungua upya kile alichofunga jana.

Msidhani Kamanthe hakumsaidia. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua na kufunga nati ndogo kwenye gurudumu. Wifi yangu alikubali kukanyaga, lakini kiapo ni kiapo. Alisimama nje ya gari, ameshika paa, akaingiza mguu mmoja tu mlangoni. Waliopita barabarani walidhani kuna mtu anapigwa teke humo ndani.

Mwezi Oktoba 2023 miguu ya Kimanzi ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia. Daktari alimweleza kwamba moyo wake hausukumi damu inavyotakiwa. Kimanzi akamwambia kama una hewa ndani kama breki, basi itolewe. Daktari hakucheka. Alimwandikia dawa na kumwamuru apumzike, na hili la pili lilimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Alizunguka ua kwa fimbo, anaketi, anainuka, anaketi tena, anagombana na mbuzi.

Kuinama hakuweza tena. Kamanthe akatandika gunia, akalala chini ya gari yeye, na mzee akakaa kitini. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia hapo!" "Nimeshikilia, mama." "Haya, achilia." Kubadilisha mafuta ya breki, kupima unene wa pedi, kutia grisi propela inayozungusha magurudumu, yote yakawa kazi ya Kamanthe, juu ya shamba na jikoni. Na bado hakuingia garini. Nilikasirika, nikamwambia, "Wifi, mtu huyu anatuacha. Ingia tu, umpe raha." Akanijibu, "Nikiingia kwa huruma atajua." 

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 8 Februari mwaka huu, pumzi ilianza kumkatika. Pikapu ya nyumbani Wathome alikuwa ameenda nayo soko la Masii. Gari la wagonjwa tulilolipigia simu tuliambiwa tulisubiri. Kamanthe alitoka jikoni, akafuta mikono kwenye leso, akachukua ufunguo. Tulimweka Kimanzi kiti cha kushoto, mimi nikakunjwa nyuma kama nguo, na Kamanthe akashika usukani. Ndugu yangu, ambaye hata pumzi ya kuombea maji hakuwa nayo, akafungua jicho. "Mama Ndolo. Umeingia." "Nyamaza, usimalize pumzi."

Mlimani aliingiza gia ya pili, ikaingia bila maneno. Mbele kidogo, mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maji ukatoka kando na kukata barabara. Mimi nilifumba macho, nikaanza Salamu Maria. Kamanthe akakanyaga, na gari likasimama. Halikuyumba wala kutupa mkia. Pua yangu ndiyo iliyogonga kiti. Punda alitutazama, akaenda zake. Kamanthe alibaki ameangalia mbele, akasema, "Imeshika, Baba Ndolo. Sasa nimejua."

 Kamanthe aliporudisha mkono kwenye gia, Kimanzi aliweka mkono wake juu ya wa mkewe, na ukakaa pale hadi hospitali. Tangu utoto wetu sikuwahi kuuona mkono ule umetulia muda mrefu hivyo. Nililia huko nyuma bila aibu.

Aliishi siku chache zaidi, akiwasumbua wauguzi wampe viatu vyake. Kila Kamanthe alipofika wodini, Kimanzi alimuuliza amekuja na gari gani, naye akamjibu, "Yetu." Basi anafumba macho, ameridhika. Alituacha Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Nyinyi wanaume watatu mlionivuta pembeni hapa hapa matangani kuniuliza kama gari linauzwa, aibu zenu. Haliuzwi. Ndilo lililotangulia msafara leo kutoka mochari, na aliyeliendesha mlimwona.

Marehemu amemwacha mkewe Kamanthe, wanawe Ndolo, Lavender na Wathome, wajukuu watano, mimi dada yake, Mzee Shire rafiki yake wa miaka mingi, na wafugaji kuanzia Ekalakala hadi hapa ambao watampigia simu wiki ijayo kwa mazoea.

Limebaki neno moja, na kwa mtu huyu nalisema kwa wasiwasi. Ee Mungu, mpumzishe ndugu yangu kwa amani. Lakini mpumzishe pole pole, hajazoea.