Kwa Mama Kanda, Aliyesikiliza Mpaka Mwisho

Ijumaa hii mchana Mama Kanda anarudisha ufunguo wa chumba cha kurekodia na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na mbili katika maktaba yetu ya vitabu vya sauti. Wenzangu wamenituma mimi, mtu wa dawati la kuazimia, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Wameomba uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi.

Kwa wageni wasiotujua, maktaba hii huwahudumia wasioona. Mama Kanda aliajiriwa kama msomaji: anaketi mbele ya maiki, anasoma kitabu kizima kwa sauti, kitabu kinaingia kwenye kanda, kanda inaazimwa. Amesoma riwaya, sheria za ardhi, na hata mwongozo wa kufuga kuku, ambao alikiri ulimtoa jasho kuliko sheria.

Siku moja alikuwa sokoni anapatana bei ya vitunguu. Mzee mmoja mwenye fimbo nyeupe akasimama ghafla na kumjia juu: mbona kanda ya nne ya riwaya mmeikatia yule nesi akiwa mlangoni, kanda ya tano iko wapi? Hawakuwa wamewahi kukutana, ila sauti aliijua kama ya dada yake wa kuzaliwa. Mama Kanda akamsimulia kilichofuata palepale, na muuza vitunguu naye akawaacha wateja wamsubiri.

Zama za kanda zikapita. Mkurugenzi akaagiza zote zihamishiwe kwenye kompyuta, kwa kuwa chumba cha rafu kilitakiwa kiwe ukumbi wa mikutano. Mama Kanda aliomba kifaa maalumu cha kuingizia sauti, kidogo tu, kinachoenea kiganjani. Akajibiwa kwamba laptop ina tundu la maiki, anataka nini tena?

Basi akajifunza tabia za lile tundu. Limetengenezwa kupokea sauti dhaifu ya maiki; ukilipelekea redio kaseti kwa nguvu zake zote, maneno yanakwaruza kama bati. Kwa hiyo aliipunguza redio mpaka robo. Alichomoa chaja ya laptop kwa sababu ilileta mvumo. Na kila asubuhi alihakikisha laptop inasikiliza waya, si maiki yake ya ndani iliyo juu ya kioo, maana ilikuwa na kawaida ya kuirudia ile ya ndani kila ikizimwa. Hilo alilibandika ukutani kwa herufi kubwa.

Alikuwa na sharti moja: hakuna kanda inayotoka rafuni kabla rekodi yake haijasikilizwa mpaka mwisho. Mkurugenzi akipita mlangoni alikuwa akimkuta amevaa hedifoni, amefumba macho, akaona analala kazini. Alimwita mzembe mbele yetu sote. Mama Kanda alimeza machungu yake, akarudisha hedifoni masikioni.

Mwaka jana akafanyiwa upasuaji wa koo. Amepona, tunashukuru, lakini sauti haikurudi. Leo ananong'ona tu, na maneno machache yanamchosha. Kutoka kitandani hospitalini alinituma kwa Mkurugenzi: rafu ya mwisho isiguswe mpaka arudi, kwa sababu ndiyo ya riwaya, na hana tena sauti ya kuzisoma upya. Ujumbe niliufikisha. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Fundi wa kompyuta wa ofisini aliitwa, akaambiwa amalize haraka. Waya aliuchomeka vizuri kabisa. Lakini waya ukichomekwa, spika ya redio hunyamaza. Kwa hiyo kanda zilizunguka kimya, na laptop, ambayo hakuna aliyeiambia isikilize waya, ikarekodi chumba. Hakuna rekodi hata moja iliyosikilizwa. Lori la taka likaja likabeba rafu nzima. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Hapa kwetu mwenye masikio aliambiwa asikilize, akatia pamba.

Mama Kanda aliporudi alifungua riwaya ya kwanza. Kiti kinalia. Kijiko kinakoroga chai. Mtu anasimulia mechi. Akafungua ya pili, na ya tatu. Alizisikiliza zote mpaka mwisho, kwa kuwa yeye ndivyo alivyo, kisha akavua hedifoni, akalia pasipo kutoa sauti. Nilikuwepo. Jambo hilo liliniuma, linaniuma bado, na sitajifanya nimesahau kwa sababu leo kuna keki.

Taarifa ya ofisi inasema hasara ile ilitokana na uzembe wa kitengo cha kurekodi. Kitengo hicho ni yeye, peke yake. Ndilo neno walilotaka aondoke nalo baada ya miaka thelathini na mbili.

Zawadi yake ni laptop ileile, imefungwa utepe. Si haba, kwa sababu tutaihitaji. Koo halimruhusu kuhutubia, kwa hiyo penye ratiba palipoandikwa "Neno la Mstaafu", mara tu baada ya hotuba ya Mkurugenzi, tutasikiliza rekodi yenye jina la riwaya ya nesi, kanda ya tano. Yule mzee wa sokoni tumemwalika, atakaa mstari wa mbele. Hatamsikia nesi. Atamsikia fundi akiuliza kama asikilize kidogo kwanza, ahakikishe imeingia. Atamsikia pia anayemjibu kwamba huko ni kupoteza muda, lori liko nje. Mwenye jibu hilo mtamtambua kwa sauti, maana mtakuwa mmetoka kumsikia akihutubia. Ratiba hii aliipitisha ichapwe bila kuisoma.

Mama Kanda, ahsante kwa kila ukurasa. Wapo watu mjini humu ambao vitabu vyote wanavyovijua vina sauti yako, na hilo hakuna lori linaloweza kulibeba. Nenda ukapumzike, koo lipate nafuu, wajukuu wakusomee wewe sasa. Leo usijisumbue kusema hata neno. Kaa karibu na spika. Rekodi nimeisikiliza mwenyewe, mpaka mwisho. Imeingia vizuri.