Kilo Themanini kwa Tumbo Tupu

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, ubavuni mwa kinyozi. Saa nne asubuhi muuza kahawa anatua na birika lake, na wenye benchi wanakuwa wameshafika: kinyozi mwenyewe, tunayemwita Daktari kwa sababu hakuna ugonjwa asioujua, karani mstaafu tunayemwita Mzee wa Faili, na fundi bomba mmoja mpole, mwenye mabega kama kabati, tunayemwita Winchi. Mimi nashona huku nasikiliza. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu Winchi aanze kula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu. Nje ya hapo ni maji na kahawa isiyo na sukari. Siku hiyo alikaa polepole, mkono kifuani.

— Kifua kimefanya nini? Daktari akauliza.

— Chuma kimenilalia.

— Chuma gani tena?

— Hiki ninachonyanyua nikiwa chali. Kilo themanini. Jana saa kumi na mbili asubuhi. Mara ya tano mikono ikagoma, macho yakaingia giza, kikashuka kikatua hapa.

— Si nilikwambia! Tumbo likilala tupu, damu inashuka miguuni kwenda kutafuta chakula. Mikono inabaki mikavu.

— Uongo mtupu, akadakia Mzee wa Faili. Damu haiendi popote. Ni misuli inalana. Wa kulia unaula wa kushoto. Litazameni bega hilo la kushoto, limeshaliwa.

Tukalitazama. Mimi mwenyewe nililiona limeshuka, Mungu anisamehe.

— Basi awe anatafunia upande wa kushoto, Daktari akasema, ili bega hilo litangulie kupata.

— Kutafuna hakusaidii kitu. Chuma nacho kina tabia zake. Asubuhi kwenye baridi kinajikusanya, kinakuwa kizito. Ofisini kwetu makabati ya chuma hayakusogea kabla ya saa tatu.

— Hayakusogea kwa sababu mlikuwa hamjafika kazini, mzee wangu, akasema muuza kahawa.

Tukacheka. Winchi naye akacheka, kisha akajishika kifua, kicheko kikakatikia njiani.

— Sasa utaacha hii habari ya kushinda njaa? nikamuuliza.

— Siachi. Nahamisha mazoezi tu. Nile saa sita, ninyanyue saa kumi jioni. Nishuke mpaka kilo hamsini, nipande taratibu. Kosa ni langu. Nilipunguza chakula, vyuma nikaviacha palepale.

— Lakini kwani nani alikutuma kuanza? nikamuuliza tena.

Akakizungusha kikombe mkononi.

— Mdogo wangu alipohamishwa kikazi, nilibaki na sufuria la watu wawili. Unaamka asubuhi unampikia nani? Nikaona bora niseme ni mazoezi.

Daktari alishafungua mdomo atoe nadharia ya sufuria, ila dada mmoja akamuwahi. Alikuwa amesimama kando akingoja nimalize kisigino cha kiatu chake. Hakuwa mtu wa mtaa huu.

— Samahani, kaka. Chuma kilipokulalia, nani alikutoa?

— Nilijitoa. Nilikiinamisha upande mmoja, vile vyuma vya pembeni vikateleza vikaanguka. Ilichukua muda kidogo.

— Hukumwita mtu?

— Nilimwita mdogo wangu. Mara tatu. Ndiye alikuwa anasimama kichwani kwangu kunishikia chuma. Nilijua kabisa hayupo, dada, ila ndilo jina lililonijia.

Dada akatutazama, mmoja mmoja.

— Na hawa wenzako, wanakaa mbali sana?

Daktari akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mzee wa Faili akaanza kujipapasa mifukoni, sijui akitafuta nini. Mimi nikagonga msumari mahali palipokwisha kuwa na msumari. Dada akachukua kiatu chake, akashukuru, akaenda zake. Muuza kahawa akabeba birika, na wengine nao wakakumbuka kazi zao.

Tukabaki wawili, mimi na Winchi.

— Lini unanyanyua tena? nikamuuliza.

— Kifua kikipona. Jumatatu hivi, saa kumi.

— Nitakuja nikushikie. Kushika kwenyewe sikujui, utanifundisha. Unakaa nyumba gani?

Alinitazama kidogo, akashusha macho. Kisha akaanza kunielekeza kwa kidole: upite bomba la maji, ukunje kushoto, geti la bluu, chumba cha mwisho uani. Geti hilo nalipita kila asubuhi nikija kazini. Miaka minne tumekalia benchi moja, na ilibidi anielekeze kama mgeni aliyefika leo.